Bustani ya kwa Mhindi: miezi sita tunagombania pesa itoke wapi, kumbe hakuna aliyepima kiwanja

Naandika kirefu makusudi, maana hapa kwetu kila mtu ana kipande chake cha hiki kisa cha halmashauri kutaka kununua bustani ya ziwani. Mmoja atakwambia madiwani waliikataa bustani, mwingine familia ilipandisha bei katikati, mwingine anaapa kuna wakubwa walishakula chao, na mimi niliyekaa kwenye hivyo vikao kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho naona wote wamekosea. Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa kipindi kile, kwa hiyo kamati ya maendeleo ya kata nilikuwa ndani, ila baraza la madiwani nilikaa viti vya nyuma kama mwananchi yeyote, sina kura. Halmashauri iko mkoa wa Mwanza, kando ya ziwa, jina lake naliacha maana wengi wao tunasalimiana kila siku.

Ilianza Oktoba 2023. Familia yenye ile bustani ya ziwani iliandika barua kwa mkurugenzi kwamba wanauza, ni kiwanja cha ukubwa wa ekari tatu hivi, ufukwe wake mita 120 na kina chake kutoka majini hadi barabarani mita 100. Wanataka bilioni 1.8, na wanaipa halmashauri nafasi ya kwanza kwa miezi sita kabla ya kumpa mfanyabiashara mmoja wa hoteli ambaye alishakuja kuangalia mara mbili. Nyumba kuukuu iliyomo ndani hawakuihesabia hata senti, waliiweka kama nyongeza tu.

Kwa asiyeijua, watu wanaiita kwa Mhindi. Ukiingia getini unakuta ile nyumba yenye baraza refu, halafu ngazi za mawe zinashuka taratibu kuelekea majini, kulia na kushoto kuna miembe mikubwa, mijakaranda miwili, na chini kabisa mikuyu mitano iliyoshikana na mawe kiasi kwamba huoni jiwe linaishia wapi na mzizi unaanzia wapi. Mawe yenyewe ndo yale ya Mwanza, makubwa, yamepandana, pimbi wamejaa humo, na juu ya mikuyu kongoti wanalala kila jioni. Kwa maelezo ya familia, babu yao alikuwa kwenye biashara ya pamba na alianza kupanda miti miaka michache baada ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, pesa ya pamba ilivyoanza kukaa mfukoni. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, hii ilipona kwa sababu wenyewe walikuwa wanaishi humo.

Ila kwangu mimi historia ya pale haiishii kwa babu yao. Mzee anayetunza bustani ile sasa, baba yake ndiye aliyechimba mashimo ya hiyo mikuyu, na miche ya miembe aliileta kwa mtumbwi kutoka Ukerewe. Ukienda mjini pale kwenye mnara wa saa kuna kibao cha kumkumbuka Speke kwamba tarehe 3 Agosti 1858 akiwa kilima cha Isamilo aliliona ziwa. Mtu aliliona tu akapewa kibao. Walioinama wakapanda, wakamwagilia miaka tisini, hawana kibao popote, kibao chao ni ile miti. Ndo maana habari hii ilinigusa na ndo maana nilihudhuria kila kikao hata pale niliposhauriwa nipumzike.

Sasa kikao cha kwanza cha baraza. Mkurugenzi alisoma barua, mthamini akasoma ripoti yake kwamba bei ya soko eneo lile ni kama 150,000 kwa mita moja ya mraba, mita za mraba 12,000, jumla bilioni 1.8, kwa hiyo familia haijaongeza kitu. Hapo hapo mjadala ukahama ukawa pesa itoke wapi, na ukakaa hapo miezi sita. Hakuna aliyesimama kuuliza tunanunua nini hasa. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa nashangilia moyoni kwamba angalau hawajasema hapana.

Aliyesema hapana kwa sauti alikuwa diwani mmoja mama kutoka kata za juu, mbali na ziwa. Nitayaweka maneno yake kama nilivyoyaandika siku ile: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwangu kuna boma la zahanati wananchi wamelijenga kwa mikono yao, limefika kwenye lenta lina miaka minne linanyeshewa. Mama wanajifungulia kwenye bodaboda. Mtanieleza nini niwaambie kuhusu mikuyu?" Serikali huwa inapeleka milioni 50 kumalizia boma moja la zahanati, mama akapiga hesabu palepale: bilioni 1.8 ni maboma 36. Ukumbi ulinyamaza. Kuna watu wa upande wangu waliomcheka baadaye nje wakisema haelewi mambo ya urithi, na mimi niliwaambia wanakosea, huyu mama ndo pekee aliyekuwa ameshika kalamu. Ukitaka halmashauri inunue bustani lazima uwe na jibu la kumpa yule mama, na jibu lenyewe haliwezi kuwa utalii utakuja, maana utalii utakuja tumeusikia tangu tukiwa watoto.

Zikaanza kumwagika njia. Nitazieleza zile zilizochukua muda mwingi, zingine napita.

Kuna waliosema asilimia kumi, ile inayotengwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Mnakumbuka Aprili 2023 mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ilisimamishwa ili utaratibu upangwe upya, lakini halmashauri ziliendelea kutenga. Kwa hiyo diwani mmoja akasema zile pesa zimekaa benki hazina kazi, tuzikope wenyewe tununulie bustani, mikopo ikirudi tunarudisha. Wengine walishaanza kupiga meza. Mweka hazina alisimama, mtu mpole sana yule, akasema ile pesa ina wenyewe kisheria, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, na mtu akigusa hata kwa siku moja mkaguzi akija ni hoja, na aliyesaini ndiye atakayejibu. Akakaa. Nampongeza mpaka leo, maana mikopo ilirudishwa baadaye mwaka 2024 na vile vikundi vya akina mama wauza dagaa vilikuwa vinasubiri kwa hamu, sijui tungeficha wapi nyuso zetu.

Kodi ya majengo ilitajwa pia, diwani akataka tuongeze kidogo kwa wenye nyumba za ziwani. Hiyo ilikufa dakika moja, siku hizi kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na kiwango hakipangwi na halmashauri.

Mradi wa kimkakati. Hapa watu walikuwa na matumaini kwa sababu wameona stendi ya Nyegezi, wameona soko kuu la mjini, wakasema Hazina inatoa pesa kwa halmashauri zinazotaka kujiongezea mapato, kwa nini na sisi tusiandike andiko. Tatizo andiko la kimkakati lazima lioneshe mradi utaingiza kiasi gani na utajirudisha lini. Afisa mipango alijaribu kweli, wiki mbili analala ofisini, akaja na bustani yenye kiingilio, mgahawa, ukumbi wa harusi, viti 600, maegesho ya magari 80, na ukiangalia mchoro wake unaona miembe yote imeondoka. Ili bustani ipate pesa ya kununuliwa ilibidi isiwe bustani. Niliangalia ule mchoro mezani kwake nikamwambia, afande, hapa tumenunua kiwanja cha sherehe. Aliukunja mwenyewe, hakuupeleka kwenye kamati.

Halafu ikaja hatifungani, yaani kukopa kwa wananchi kwa kuwauzia karatasi ya deni yenye riba, na hii nataka niikalie kidogo maana ilichukua kikao kizima cha mwezi wa tatu na watu wengi mtaani bado wanaamini tulikosa bahati. Februari 2024 mamlaka ya maji Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na watu waliinunua kweli. Diwani mmoja kijana, msomi, akaja na karatasi akasema wenzetu Tanga wamekopa kwa wananchi, na sisi tukope kwa wananchi, bustani ni kitu cha kijani, jina tayari tunalo. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga.

Nyumbani usiku nikakaa na kalkuleta ya simu. Bilioni 1.8 kwa asilimia 13.5 ni milioni 243 kwa mwaka, riba peke yake, miaka kumi bilioni 2.43, na deni lenyewe bado lipo palepale linakusubiri. Tanga wanauza maji. Kila mwezi nyumba inapata bili, bili inalipwa, bili inalipa riba. Bustani haitoi bili kwa mtu. Mtoto wa shule akikaa chini ya mkuyu akasoma, umempa kitu kikubwa sana lakini huwezi kumtumia ankara. Na juu ya hapo halmashauri haiwezi kukopa kienyeji, inahitaji kibali cha waziri, na waziri angeuliza swali hilohilo la kalkuleta yangu. Kikao kilichofuata yule kijana mwenyewe aliiondoa hoja yake kwa heshima, na nilimpenda zaidi baada ya hapo.

Michango ya wananchi tulifanya kweli. Mtaani kwangu tulipita nyumba kwa nyumba, wavuvi wa mwalo wakatoa, wauza dagaa wakatoa, tulipata milioni tatu na laki mbili. Ni pesa ndogo kwa bei ile ila sikubali mtu aidharau, wapo waliotoa elfu moja na walikuwa nayo hiyohiyo.

Na kuna waliotaka tuombe bustani itangazwe kuwa malikale ili isiuzwe kabisa. Hii inasikika vizuri ila sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886, na mji wa Mwanza wenyewe Wajerumani waliuanzisha 1892, kwa hiyo karibu kila tunachokiita cha kale mjini kwetu kiko nje ya ule mstari. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye, ni kweli, lakini tangazo halimlipi mwenye mali na halimwagilii mti. Wapo waliotolea mfano bustani ya mimea ya Entebbe, ya mwaka 1898, nayo iko kando ya ziwa hilihili. Mfano mzuri ila ile ilikuwa ya serikali tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeitwa kuinunua.

Basi tumefika mwezi wa nne, muda wa familia unaisha, wameongeza miezi miwili kwa kusukumwa, mtu wa hoteli anapiga simu kila wiki. Mimi nimechoka. Jumamosi moja asubuhi nikaenda bustanini kuaga, sisemi uongo, nilienda kuaga. Nikamkuta mzee na keni yake ya kumwagilia, anateremka ngazi anajaza ziwani anapanda, pampu imeharibika toka Krismasi. Tukakaa. Nikamweleza habari za mtu wa hoteli, kwamba anataka kujenga vibanda vya wageni pale chini kwenye mikuyu, miguu karibu na maji.

Mzee akasema, "Pale chini mwanangu hawajengi. Mwaka ule walikuja watu wa mazingira wakamvunjia jirani uzio wake, wakasema mita sitini."

Jamani. Mita sitini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57, mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo. Kila mtu hapa kwetu anaijua, tunaiimba kwenye mikutano ya mtaa tukiwaondoa watu kwenye mialo, mimi mwenyewe nimesimama mbele ya wananchi nikaisoma. Na miezi sita nimekaa nasikiliza mita za mraba 12,000 mara 150,000 na haikunijia kichwani.

Tukaomba kamba ya nyavu kwa wavuvi, nikachukua futi ya fundi seremala ya mita tano, tukapima kamba tukapiga fundo kila mita kumi hadi sita. Mzee akashika ncha majini, mimi nikapanda na kamba. Fundo la sita liliishia nyuma ya mkuyu wa mwisho, karibu na ngazi ya kumi na moja, yaani mikuyu yote mitano, mijakaranda, na miembe karibu yote iko ndani ya kamba. Nje ya kamba ilibaki nyumba, geti, maegesho, na miembe mitatu.

Nikamwita kwa juu, mzee, imeishia hapa. Akanijibu nisiamini sana, akasema ziwa lina nyumba mbili. Akanionesha kwenye jiwe kubwa la kushoto mstari wa rangi ya majivu, akasema mwaka 2020 maji yalisimama pale, ngazi tatu za chini hazikuonekana miezi. Na ni kweli, mwaka ule ziwa lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964. Ukianzia kwenye ule mstari kamba inapanda mita kumi na mbili zaidi, inakaribia baraza la nyumba. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuandika zile namba nyuma ya kadi ya harusi, karatasi nyingine sikuwa nayo.

Jumatatu nikaenda kwa mkurugenzi pamoja na afisa mazingira. Nataka niseme wazi kwamba mthamini hakuwa mwizi. Aliulizwa kiwanja kina thamani gani, akajibu kwa bei ya viwanja vya jirani, na viwanja vya jirani alivyotumia viko upande wa pili wa barabara ambako unaweza kujenga hadi mpakani. Alipewa swali bovu. Wakatuma mpima wa kweli na mashine yake, akaanzia ukingo wa kawaida wa maji si ule mstari wa 2020, akapata karibu sawa na kamba yetu: mita za mraba 7,200 ndani ya sitini, 4,800 nje. Uthamini wa pili ukaacha 150,000 kwa sehemu ya juu, ambayo ni milioni 720, na sehemu ya chini ikawekwa 40,000 kwa mita, milioni 288, nyumba wakaipa milioni 92. Jumla bilioni moja na milioni mia moja. Kutoka bilioni 1.8.

Kuna kitu kwenye ile ripoti ya pili kiliniuma. Miti ilihesabiwa kama mazao. Mwembe una bei yake kwa umri na matunda, unaona namba mbele yake. Mkuyu haujauza tunda sokoni, kwa hiyo mikuyu mitano iliyofanya watu mia moja wajae ukumbini iliandikwa kwenye mstari mmoja na pesa isiyotosha hata kununua pampu. Sielewi ni utaratibu gani ungeweza kuandika thamani yake, ila siyo ule.

Sasa familia. Walikasirika, na nawaelewa, wamelipia kile kiwanja kodi ya ardhi miaka yote kama kiwanja kizima. Dada mkubwa wa familia aliniuliza mbele za watu, kwa hiyo mwenyekiti umekuja na kamba kutupunguzia urithi wa baba? Nilimjibu kwamba kamba haikupunguza, sheria ilishapunguza tangu 2004, kamba ilionesha tu. Hakuridhika siku ile. Kilichobadilisha mambo ni mtu wa hoteli mwenyewe, alipopata maelezo ya afisa mazingira akasema vibanda vyake basi, ila yuko tayari kuchukua sehemu ya juu tu kwa bei ileile ya 150,000. Maana yake familia ingepata milioni 720 na kubaki na kipande cha chini kisicho na mnunuzi wala njia.

Na hapo ndipo baraza lilikaribia kufanya kosa ambalo lingeonekana ujanja. Diwani mmoja akasema vizuri sana, mwachieni mwenye hoteli juu, sisi tuchukue chini kwa milioni 288, miti yote iko chini, tumemaliza, na maboma ya mama yule yanapata pesa. Ukiisikia mara ya kwanza inavutia, hata mimi ilinichukua siku mbili kujua kwa nini siipendi. Kipande cha chini hakina barabara. Huku maji, huku na huku mawe ambayo hata mbuzi anafikiria mara mbili, na juu hoteli. Mtoto wa shule angepita wapi? Kwenye geti la hoteli, kwa hisani ya mlinzi wa hoteli. Mwaka wa kwanza angeruhusiwa, mwaka wa pili angeambiwa Jumamosi kuna wageni, mwaka wa tatu tungekuwa na bustani ya umma ambayo umma unaiona kwa mtumbwi. Walizungumzia kuacha njia ya mita tatu pembeni, na kama ingeandikwa kwenye hati labda ingesimama, wapo watu ninaowaheshimu wanaoamini hadi leo kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia sahihi. Mimi nilizunguka kwa madiwani mmoja mmoja kuipinga, nyumbani kwao, usiku, na sijutii.

Juni 2024, siku nne kabla mwaka wa fedha haujaisha, wakaamua. Kununua chote kwa bilioni 1.2, milioni mia moja juu ya uthamini wa pili, familia imekubali, malipo awamu tatu kwa miaka mitatu ya fedha, milioni 400 kila mwaka, kutoka mapato ya ndani. Hakuna mkopo wala hatifungani. Halmashauri inatakiwa kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa maendeleo kutegemea na uwezo wake, na humo ndimo ilimotoka: milioni 250 zilikuwa za kukarabati ukumbi wa baraza wenyewe, zikaahirishwa, na 150 zikatoka kwenye mauzo ya viwanja vilivyopimwa. Yule mama wa kata za juu alipiga kura ya ndiyo kwa sharti moja, kwamba boma lake limalizwe kwenye bajeti hiyohiyo na liandikwe kwenye muhtasari kabla ya bustani. Liliandikwa, nimeuona muhtasari. Zahanati ina bati sasa. Kuna jambo kwenye hesabu yake ya mwanzo ambalo wengi hawakuliona: maboma 36 yalishuka yakawa manane kwa mwaka, na manane unaweza kubishana nayo, thelathini na sita huwezi.

Kwa hiyo tulishinda, na ningependa niishie hapa, ila kuna jambo la pili ambalo hatukuliuliza na hili halijapata kamba yake bado.

Awamu ya kwanza ililipwa Septemba 2024. Kwa makubaliano, hati inahamia kwa halmashauri awamu ya tatu ikiisha, na hadi siku hiyo familia ndiyo inalipa mshahara wa mzee na mlinzi, ila geti linafunguliwa kwa wananchi Jumamosi na Jumapili. Jumamosi wanajaa maharusi wa kupiga picha. Nimekaa nikapiga hesabu ya kuendesha, watunza bustani wanne na walinzi wawili kwa laki mbili na nusu kila mmoja ni milioni moja na nusu kwa mwezi, milioni 18 kwa mwaka, weka umeme wa pampu, vifaa, kuzoa uchafu na magugu maji yanayoletwa na upepo, unafika kama milioni 30. Maharusi wakitozwa elfu hamsini kwa msafara, misafara mitano kila Jumamosi, Jumamosi hamsini, unapata milioni kumi na mbili na nusu. Kuna pengo la milioni kumi na saba na nusu kila mwaka, milele. Kwa halmashauri inayolipa milioni 400 kwa mwaka hii ni pesa ndogo, na hiyo ndo hatari yake, ni ndogo mno kupata kikao, haina mtu wa kuipigia kelele. Naona kabisa itakavyokuwa, mwaka wa kwanza hakuna kifungu, mwaka wa pili mtu mwema anajitolea kuweka kibanda cha soda, kibanda kinaweka spika, spika inaleta nyama choma, moto unawashwa kwenye mzizi wa mkuyu. Nimeona bustani za miji mingine zilivyokwisha hivyo, hakuna siku hata moja mtu alipiga kura ya kuziua.

Wiki iliyopita nilienda. Pampu imetengenezwa. Mzee ana vijana wawili anawafundisha, kwa hiari yake, hakuna anayewalipa, mmoja ni mtoto wa yule jirani aliyevunjiwa uzio. Niliwakuta wanachimba shimo la mkuyu mpya, tawi wamelikata kwenye ule mkubwa, na nilishangaa wamelichimba mbali juu, karibu na baraza. Mzee akanionesha kwa kidole lile jiwe lenye mstari wa majivu, halafu shimo, halafu akapima kwa hatua ili nielewe. Ni juu ya mstari wa 2020.

Akaniuliza kama kwenye bajeti ya mwakani nimeona kifungu cha maji na watu wa bustani. Kabrasha nimelisoma lote, kurasa mia mbili na kitu, kuna ukurasa wa awamu inayofuata ya ununuzi na hakuna kingine. Sikuwa na jibu la kumpa. Nimeshaandika barua kwa mwenyekiti wa kamati ya fedha na nakala kwa yule mama wa kata za juu, kikao chao ni Jumanne.